Maskini Kumi wa Haji Metarsad

Alhamisi asubuhi, Haji Metarsad alipofika kituo cha mpaka cha Puni, Wafi alimwambia pasipoti yake imejaa.

"Imejaa nini?" Haji aliuliza.

"Mihuri, Haji. Hamna pa kugonga."

Wafi alikuwa afisa wa uhamiaji, msichana wa miaka ishirini na sita, na Haji alikuwa akimwona pale dirishani mara nyingi kuliko alivyowaona ndugu zake wa tumbo moja. Alimfunulia kurasa moja moja ajionee mwenyewe. Mihuri ilikuwa imepandiana, ya Brunei juu ya ya Malesia, ya kutoka juu ya ya kuingia, mpaka tarehe hazisomeki.

"Hapa konani nikiubana wangu utaingia," Wafi alisema. "Lakini mimi ni dirisha la kwanza tu. Yamebaki matatu, na wenzangu wa upande wa pili hawana huruma kama mimi."

Haji alilijua hilo vizuri kuliko yeye. Kwenda mji mkuu kwa barabara ya zamani, mtu wa wilaya ya Temburong, iliyotengwa na nchi yake kwa ardhi ya Malesia, hutoka kwanza nchini kwake, akaingia Malesia, akaivuka Limbang, akatoka Malesia, ndipo akaingia tena nchini kwake. Madirisha manne kwenda, manne kurudi. Na muda wote huo daraja lipo. Linapita juu ya msitu, linaikata ghuba, linakushusha mjini, bila dirisha, bila muhuri, bila nauli. Wilaya nzima ilikuwa ikilitumia. Waliobaki na foleni ya Puni ni madereva wa malori, wafanyabiashara wa Limbang, na Haji Metarsad.

"Basi nipe mpya."

"Pasipoti hazitoki hapa, Haji. Nenda ofisini Bangar ujaze fomu. Ila kesho Ijumaa wamefunga, na Jumapili wamefunga. Ukibahatika, Jumanne."

"Jumapili namwozesha binti yangu Zalikha ng'ambo."

"Najua. Kadi ninayo nyumbani." Wafi alimrudishia kitabu kwa mikono miwili. "Mimi nitapita darajani, Haji. Ukitaka, nitakupitia."

Lori la nyuma likapiga honi. Haji akageuza gari.

Kisa cha kiapo chake kilijulikana na kila mtu Temburong. Miaka thelathini Haji aliendesha boti ya abiria kati ya Bangar na mji mkuu. Zilikuwa boti ndefu, nyembamba, zimefunikwa juu, na watu waliziita majeneza yanayoruka, kwa jinsi zilivyokuwa nyembamba na kwa jinsi madereva wake walivyozikimbiza kwenye mikondo ya mikoko bila kuona mbele. Haji alikuwa hodari wao. Akikata kona, abiria wa kulia walimwangukia wa kushoto, na hakuwahi kugusa hata mzizi mmoja. Siku daraja lilipofunguliwa, madereva wote walikaa kwenye mkahawa wa Lim Boon Siak kunywa chai, maana hakukuwa na abiria hata mmoja gatini. Hapo ndipo Haji aliposimama, chini ya picha ya Sultani, akasema, "Wallahi, mimi sitalipita daraja lile maadamu ni mzima."

Wenzake walicheka. Kabla mwezi haujaisha wawili kati yao walikuwa wanaendesha mabasi juu ya daraja hilohilo. Kisha yakaja maradhi yaliyofunga mipaka ya dunia, na Haji akakaa Temburong miaka miwili kama mfungwa, huku mkewe akienda mji mkuu na kurudi, akimletea salamu za binti yao na mikate ya duka analolipenda. Mipaka ilipofunguliwa, Haji alikuwa wa pili kwenye foleni ya Puni. Wa kwanza alikuwa mtu mwenye lori la ndizi.

Mkewe, Hajah Kamsiah, alikuwa sebuleni anapiga pasi nguo za harusi alipomwona anarudi.

"Umesahau nini?"

Haji akaeleza. Hajah Kamsiah alisikiliza mpaka mwisho, akaisimamisha pasi.

"Ipo boti," Haji alisema.

"Ipo. Nenda kaiangalie."

Haji alikwenda nyuma ya nyumba. Boti ilikuwa pale chini ya mwembe mwitu, imejaa udongo hadi mdomoni. Mbele mkewe alikuwa amepanda manjano, katikati tangawizi, na nyuma, palipokuwa na injini kabla Haji hajamuuzia mvuvi mmoja wa kamba, kulikuwa na kichaka cha pilipili zinazowaka wekundu. Alisimama akaitazama kwa muda. Kusema kweli pilipili zilikuwa zimekubali sana.

"Hajah, umeigeuza boti yangu shamba."

"Miaka mitatu hii. Ungekuwa unapita huku nyuma ungeona." Hajah Kamsiah alikuwa amemfuata hadi mlangoni. Alikuwa mwalimu mstaafu, na alipotaka neno lieleweke alilisema polepole. "Sasa nisikilize, Haji. Nikahi inafungwa saa tatu na nusu, nyumbani kwa mama yangu, kwa sababu mama ana miaka tisini na hawezi kusafiri. Mimi naondoka saa moja. Wewe ndiye walii. Usipokuwepo, mdogo wako Haji Tuah atakaa mahali pako, na ameshanipigia simu kuniambia yuko tayari."

"Umemweleza?"

"Sijamweleza. Wafi amemweleza mama yake, na mama yake unamjua."

Hapo Haji alishtuka. Haji Tuah alikuwa ndugu mwema, lakini akimwozesha Zalikha siku moja, atalisimulia miaka ishirini.

Alasiri alikwenda kwa imamu. Imamu Lamat alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda mambo yaende taratibu. Alimkaribisha Haji kibarazani, akaanza kumuuliza.

"Ulisema wallahi?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu?"

"Na wewe ulikuwepo, Imamu. Ulikuwa unakula mkate wa nazi."

"Nilikuwepo, ndiyo. Nataka usikie mwenyewe." Imamu alikuna kidevu. "Basi ni kafara tu. Kiapo kama hiki ni afadhali kukivunja kuliko kukishika. Maskini kumi, kila mmoja kibaba cha mchele mkononi mwake."

"Nitafunga siku tatu. Nianze kesho."

"Kufunga ni kwa asiyejiweza. Wewe una magari mawili na friji la samaki. Maskini kumi, Haji."

"Huku nitawapata wapi maskini kumi?"

"Hilo kamuulize mkuu wa kijiji."

Mkuu wa kijiji, Awang Nayan, alikuwa amechaguliwa na wanakijiji mwaka uliopita, akathibitishwa na wakubwa, na bado alitembea na kitambulisho chake kifuani hata akienda kuoga mtoni. Alilifungua faili lake, akalitazama, akalifunga.

"Majina ya wanaosaidiwa siyatoi. Nitawafuata mwenyewe, niwaulize kwa heshima. Atakayekubali atakuja."

"Waambie Jumamosi kuna chakula pia. Utapata kumi?"

"Haji, wewe unadhani kila mtu nchi hii amekalia kisima cha mafuta? Hayo yako kule Seria. Huku tuna miti na mvua." Alisema bila ukali, lakini Haji aliinamisha macho. "Njoo kesho baada ya swala."

Ijumaa, baada ya swala, Nayan alimvuta kando uwanjani mwa msikiti. "Nimepata tisa. Wangekuwa kumi, lakini Hajah Bidah, yule mjane anayekaa kando ya daraja, ameniambia yeye si maskini, ana kuku kumi na wawili. Atakuja kula kwa heshima ya Zalikha, ila asihesabiwe."

"Basi amebaki mmoja."

"Huyo wa kumi namjua, ila mfuate mwenyewe. Ni Jair."

"Jair yupi?"

"Jair wa boti."

Haji alidhani amesikia vibaya. Jair alikuwa dereva mwenzake. Miaka ishirini walifunga boti zao kwenye nguzo moja, wakapokezana abiria na matusi ya mapenzi. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwona, akashindwa. Siku zake zote za safari zilikuwa zimekwenda Puni, na siku zake nyingine zilikuwa zimekwenda kulalamika juu ya Puni.

Nyumba ya Jair ilikuwa chini kabisa, karibu na mto, na nusu ya paa ilifunikwa kwa turubai la buluu. Mwenyewe alikuwa ameketi ngazini anachambua majani machanga ya kangaga, miwani myeusi usoni, akiyafunga mafungu ya kuuza.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Sauti ya injini mbovu," Jair alisema. "Metarsad. Nilidhani umehamia Limbang moja kwa moja."

Haji akaketi ngazi ya chini yake. Jair aliendelea kufunga majani.

"Macho yana nini?"

"Yalifunga yote mawili, mtoto wa jicho. Mwaka mzima nilikuwa namtambua mke wangu kwa kikohozi. Daktari wa kuyapasua yuko hospitali kubwa, ng'ambo. Nimekwenda mara kumi na moja, jirani ananipakia. Sasa naona. Hii miwani ni ya jua tu. Na wewe nakuona, umenenepa."

"Mara kumi na moja darajani?"

"Ulitaka nipitie wapi? Kwa boti yako ningekwenda mara moja, na jicho lingebaki baharini."

Haji alicheka kabla hajajizuia. Kisha akasema, "Lilikuondoa kazini, Jair. Na mimi pia."

"Liliniondoa. Na kazi yenyewe ilikuwa imeshanivunja mgongo. Daraja ni saruji, Metarsad, halina habari na mimi wala na wewe. Ila wewe umekaa umelikasirikia miaka yote hii kwa niaba yetu, na sisi hatukukutuma." Jair alilifunga fungu la mwisho, akaliweka kando. "Haya, sema ulichokuja nacho. Nayan hafungi mdomo vizuri kama anavyofunga faili."

Haji alijikohoza. "Kesho mchana kuna chakula kwangu."

"Cha nini?"

"Cha harusi."

"Harusi ni Jumapili."

Haji alitazama mto. Maji yalikuwa yamepanda, rangi ya chai ya maziwa, na gogo moja lilikuwa likishuka polepole kuelekea ghubani.

"Unaona haya kuniita maskini," Jair alisema.

"Naona haya kwamba sikujua."

Jair alifikiri kidogo, kisha akamsukuma begani kwa goti. "Kama ni hivyo, kibaba changu kiwe cha mchele mzuri. Usiniletee ule wa kuvunjika unaowalisha bata."

Imamu alikuwa amesema mchele mkononi tu, lakini Haji aliona kumpa mtu kibaba cha mchele mbichi na kumfungia mlango ni ubahili. Jumamosi nyumba yake iliamka na moshi. Hajah Kamsiah na shoga zake wawili walisonga ambuyat, ule wanga wa sago unaomwagiwa maji ya moto hadi uwe mzito na kuvutika kama gundi. Wakatengeneza mchuzi mkali wa matunda machachu ya binjai, wakakaanga samaki, wakachemsha majani ya kangaga aliyoyaleta Jair mwenyewe akisema maskini naye ana zawadi zake.

Watu wakaanza kuja saa tano. Alikuja baba mmoja na mtoto wake mwenye ulemavu, wakaja bibi wawili waliokuwa wanaishi pamoja, akaja kijana aliyeachishwa kazi kiwanda cha mbao na mkewe mjamzito, na wengine watatu nyuma yao. Hajah Bidah alikuja na mayai sita, ili kila mtu aone kwamba kuku wake wanataga. Unggang, mtu wa kabila la Waibani kutoka nyumba ndefu ya ukoo wao juu mtoni, aliyekuwa akiwauzia madereva wa boti doriani, alitokea na gunia zima la doriani.

"Mimi si Mwislamu, najua siingii kwenye hesabu ya imamu," Unggang alisema, akalibwaga gunia. "Lakini nimesikia Haji anashuka kutoka juu ya mti aliopanda, nikasema lazima nione."

Imamu Lamat alisimama mlangoni akihesabu kwa vidole, akiwaruka Hajah Bidah na Unggang. Alifika kumi na mmoja, akaanza upya, akafika tena kumi na mmoja.

"Kuna mmoja amezidi."

"Ni Boon Siak," alisema Nayan.

Lim Boon Siak, mwenye mkahawa, alikuwa ameketi pembeni na bakuli mbele yake, akizungushia ambuyat kwenye uma wa mianzi kwa ustadi wa mtu aliyezaliwa nayo. "Mimi ni shahidi," alisema. "Kiapo kililiwa mkahawani kwangu. Shahidi naye ana tumbo."

Haji aligawa vibaba kwa mkono wake. Kila mmoja alimpa kwa mikono miwili, akamuuliza jina lake na anapokaa, na zile nyumba alizozitaja kila mmoja zilikuwa karibu, baadhi yake umbali wa kupiga kelele. Alipofika kwa Jair alimpa mfuko uliokuwa mzito zaidi ya wenzake. Jair akaupima mkononi, akanusa mchele, akatikisa kichwa kukubali.

"Umelipa," Imamu alisema baada ya dua, mdomo wake ukiwa tayari unaelekea kwenye doriani. "Kesho pita kwa amani."

Jumapili saa moja kamili Hajah Kamsiah aliwasha gari dogo. Haji alikaa kushoto kwake akiwa na kofia mpya na nguo za rangi ya zumaridi, mikono juu ya magoti. Walipopanda daraja, msitu ulishuka chini yao hadi vilele vya miti vikawa sawa na dirisha, na nyani mmoja mwenye pua ndefu alikuwa ameketi kwenye tawi akiwatazama kama mlinzi. Maili nyingi zilikuwa za miti tu. Kisha miti ikaisha na ghuba ikafunguka pande zote mbili, maji tulivu ya kijivu, na mbele nguzo ndefu na nyaya zake.

Walifika katikati. Ndipo Haji aliposogeza uso kiooni.

"Pale," alisema. "Pale kwenye ule mkondo. Pale ndipo injini iliponizimikia mwaka wa tisini na mbili, na walimu wanne ndani."

"Najua. Mmoja nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekaa nyuma natapika."

"Ulikuwa unanitazama."

"Nilikuwa natafuta mahali pa kutapikia, Haji."

Haji alicheka hadi kofia ikamsogea. Toka hapo hakunyamaza. Alimwonyesha kila mkondo, jina lake, kina chake, na mahali boti ya Jair ilipokwama na mchungaji wa Kanada ndani. Alikuwa hajawahi kuiona mikondo hiyo kutoka juu, na kutoka juu ilikuwa imeshikana yote kama mistari ya kiganja. Alimwomba mkewe apunguze mwendo. Hajah Kamsiah alisema kupunguza zaidi ya hapo ni kusimama, na kusimama ni marufuku.

Walifika mjini saa mbili kasoro dakika kumi. Huko nyumbani hata mashemeji walikuwa bado hawajavaa. Kutoka gatini walichukua boti ya kuvusha hadi Kampong Ayer, kwenye nyumba za juu ya maji, na dereva wake, kijana mwenye miwani ya jua kichwani, alipata masomo ya udereva njia nzima kwa babu asiyemjua. Alipokata kona ya mwisho vizuri, Haji alimpigia makofi.

Mama mkwe wake alikuwa ameketishwa kwenye kiti chenye mito, shela jeupe kichwani. Alimtazama Haji, akatazama saa ya ukutani.

"Umekuja kwa njia gani, Metarsad?"

"Darajani, Mama."

"Alhamdulillahi. Miaka yote hii nilidhani umenuna na mimi."

Haji alipiga magoti akaubusu mkono wake, akakaa hivyo muda mrefu kuliko desturi.

Saa tatu na nusu waliketi sakafuni kwenye zulia, Haji mbele ya bwana harusi, Hairul, kijana wa idara ya maji ambaye kiganja chake kilikuwa kimelowa kama ametoka kazini. Msajili alitoa hotuba fupi. Haji Tuah alikaa karibu kabisa, endapo atahitajika. Haji Metarsad akaushika mkono wa Hairul. Alikuwa amezikariri zile sentensi wiki nzima, lakini alipofika kwenye jina la Zalikha maneno yalimpotea. Chumba kizima kilisubiri. Haji Tuah akajisogeza kidogo mbele.

"Tulia, Tuah," Haji alisema, na watu wakacheka, na maneno yakamrudia. Alianza tena, akazimaliza kwa sauti moja. Hairul akajibu kwa pumzi moja, haraka, kama mtu anayeruka mtaro. Mashahidi wakasema imetimia. Nyuma ya pazia wanawake walisikika wakilia na kucheka kwa pamoja, na Haji aliitambua sauti ya binti yake katikati.

Jumanne asubuhi, kabla ya saa mbili, gari la Haji Metarsad lilisimama mbele ya ile nyumba ya turubai. Jair alikuwa na miadi ya kukaguliwa jicho la kushoto. Alitoka na karatasi zake za hospitali ndani ya mfuko wa plastiki, akazunguka gari mara moja akilikagua, akafungua mlango.

"Jirani yangu huwa anakwenda pole pole," alisema, akifunga mkanda.

"Mimi pia nitakwenda pole pole."

"Wewe hujawahi kwenda pole pole tangu nikujue."

"Na Jumamosi nakuja na mabati na watoto wa dada yangu, tulitoe lile turubai."

"Mabati ya buluu," Jair alisema. "Nimeizoea buluu."

Walipofika juu ya maji walikuwa tayari wanabishana. Jair alidai mkondo waliouita Kisigino ulikuwa upande wa kaskazini wa nguzo kubwa. Haji alisema ni kusini, na kwamba mtu aliyepasuliwa macho yote mawili hana haki ya kubisha.

"Haya macho ni mapya," Jair alisema. "Yako ndiyo ya zamani. Punguza mwendo, nikuonyeshe."